Mchawi wa Ua na Vitabu vya Bure

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Mgongo unauma. Nimelaza ua wa miti unaozunguka nyumba ya Bi Rosamund Pellew siku nzima. Kulaza ua ni hivi: shina unalikata karibu na ardhi, humalizi, unaliinamisha pembeni, linachipua upya. Kazi ninayoijua. Nyingine sina.

Bi Rosamund alitoka London akahamia hapa Glastonbury. Ndiye mkubwa wa kikundi cha Wika. Jina kama la jogoo, lakini hawawiki. Wanakaa duara, wanaongea taratibu. Dini ya zamani, mwezi, miti, misimu. Wanajiita wachawi na hawaoni haya. Hawarogi mtu. Nimeuliza.

Thelma wa duka la mikate yumo. Kapita kuniletea chai. Kasema mwisho wa mwezi huu wanaandaa chakula cha wafu. Kila mtu na marehemu wake. Kiti kitupu, sahani, mnakula kimya, na yule wako anakuja kukaa.

Nikaweka panga chini.

Beryl, mke wangu, kafa mwaka juzi. Kiti chake kiko jikoni. Kila nikifuata sukari nakipita mbio.

Nimemwomba Bi Rosamund niingie. Kaniangalia buti. Kasema meza ile ni ya waliosoma. Vitabu vitatu, Bwana Vowles, halafu Jumatano ya wiki ijayo uje utueleze ulichoelewa. Kila mgeni anafanya hivyo. Hata Bwana Chubb anajiandaa.

Chubb! Yule aliyekuwa akigawa barua. Tangu utotoni ananizidi kwa kila kitu isipokuwa urefu.

Nikitoka kazini nimeingia duka moja barabara kuu. Linanuka ubani mpaka macho yanalia. Nimeshika kitabu chembamba kama biskuti. Nimegeuza nyuma kuona bei. Nimekirudisha polepole, kama mtu anayelaza mtoto asiamke.

Sinunui. Vya bure vipo. Ni akili tu.

Jumanne, 21 Oktoba

Maktaba! Bure! Wengine wangechukua mwezi kuwaza hivyo.

Shida moja. Nyuma yangu kwenye foleni, mke wa mchungaji. Alitufulia mashuka Beryl alipokuwa mgonjwa. Nitasemaje uchawi mbele yake? Bahati nzuri Thelma aliniambia wenyewe hawasemi uchawi, wanasema Ufundi. Basi nikainama, nikamnong'oneza binti wa maktaba: nataka vitabu vya Ufundi. Vya anayeanza. Naye kanong'ona: wa mikono au wa mashine? Nikasema mikono. Kafurahi! Kasema wanaume wa huku hawaji kabisa kuulizia, wanaona aibu. Kanipa vitatu.

Nyumbani nimefungua. Kimoja cha kufuma sweta. Kimoja cha kusuka vikapu. Kimoja cha vibanda vya ndege.

Cha sweta nimekisoma kurasa nyingi. Nasubiri ifike sehemu ya mwezi. Kuna mafundo kila mahali. Nasikia wachawi nao wanafunga mafundo. Labda ndiyo yenyewe, wameificha.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siyo yenyewe. Thelma kacheka mpaka kashika meza. Kasema, mpenzi, hizo ni sweta! Huku kila mtu anaitwa mpenzi, hata anayekuja kuzibua choo, kwa hiyo sijivuni.

Kasema rudi pale, taja neno lenyewe. Wanavyo rafu nzima. Wasichokuwa nacho wanakuagizia maktaba nyingine. Na kuna vile vya zamani, unasoma kwenye kompyuta yao, hulipi kitu. Nimesema nitafikiria. Siwezi kurudi. Yule binti kaniahidi kuniunganisha na wafumaji wenzangu.

Mpango mpya: kibanda chekundu cha simu. Simu waling'oa zamani, wakaweka rafu za vitabu. Sheria yake: chukua kimoja, acha kimoja. Nimekuta kitu hasa! Jaladani, kwa herufi kubwa: WAPAGANI. Kurasa za mwanzo zimechanika. Nani anataka za mwanzo?

Lakini cha kuacha sikuwa nacho. Nyumbani kuna kitabu kimoja tu, cha mapishi cha Beryl, na hicho hakitoki. Nikaacha kile cha sweta.

Nimefika mlangoni kwangu ndiyo nakumbuka cha sweta ni cha maktaba.

Ijumaa, 24 Oktoba

Alfajiri nimekimbilia kibandani. Kitabu hakipo. Nageuka, namwona Chubb juu ya baiskeli, kitabu kwapani. Kasema dada yake anapenda kufuma. Nikamwambia lete, mali ya maktaba hiyo. Kapaza sauti: aa, Vowles, mzee mzima unaiba masweta! Wenzio tunasoma mwezi, wewe unauliza mikono mirefu au mifupi!

Watu kituo cha basi wakacheka. Mmoja simjui kabisa. Anacheka nini?

Tumeelewana hivi. Nimlazie ua wake bure, anirudishie cha sweta na kuniazima kitabu kimoja cha Ufundi. Ua wa Chubb mrefu kama hotuba zake. Nimekubali. Nikihesabu vizuri, aliyeliwa ni yeye.

Jumamosi, 25 Oktoba

Ua wa Chubb wote miiba. Yeye kakaa dirishani anasoma, kila baada ya muda ananionyesha jalada jipya kwenye kioo. Vyote kanunua dukani, vipya, vina kingo za dhahabu. Mtu hana aibu.

Nimemaliza giza linaingia. Kanipa cha sweta. Kanipa na kitabu cha Ufundi. Kitabu cha Ufundi ni kalenda ya mwaka jana. Ina picha za mwezi. Nikamuuliza, hiki ni kitabu? Kasema si kina kurasa?

Nimekihesabu. Viwili sasa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mpango wa leo hauna tundu. Nasoma dukani, nimesimama, kidogo kidogo, kile kile chembamba kama biskuti. Asubuhi kabla ya kazi. Mchana tena. Nimeweka jani kuwa alama. Mimi nikisoma midomo inatembea. Mwenye duka kauliza kama naomba dua. Nikasema ndiyo. Kaniletea stuli! Kawasha na mshumaa.

Kitabu kizuri. Kinasema ardhi ina uhai na mwaka ni gurudumu. Hilo nalijua. Muulize yeyote aliyelaza ua mwezi wa Januari.

Jioni nimerudi kumalizia. Kimenunuliwa. Na nani? Bwana mmoja wa baiskeli, kasema mwenye duka. Jani langu limeenda nacho.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimebaki na kile cha WAPAGANI. Kitamu hicho! Kumbe mambo ni mengi na wanatuficha. Wanacheza uchi. Wanamwita Shetani kwa jina. Wanachinja jogoo saa sita ya usiku. Thelma anaamka saa tisa kuoka mikate. Muda huo wote anaupata wapi?

Ukurasa wa mwisho unamkaribisha msomaji kwenye ibada Jumapili saa nne, chai ipo. Nimeona ni watu wastaarabu. Hawabagui dini ya mtu.

Nimekisoma mara mbili. Kesho Chubb atalia.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimevaa suti ya mazishi. Sebule ya Bi Rosamund imejaa wanawake, na Chubb katikati yao kama bwana harusi. Kaanza yeye. Kaongea mpaka chai ikapoa. Tarehe, majina, misemo ya kale. Paka kaondoka.

Zamu yangu. Nikasema mwaka ni gurudumu. Nikasema ukikata shina vibaya, ua hausahau. Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja kasema, vizuri. Ningekaa chini! Sikukaa. Nikasema kuhusu kucheza uchi, nimeelewa, ila tuko mwisho wa Oktoba, tufikirie baridi. Kuhusu Shetani, mimi sina ugomvi naye, lakini siku ya Beryl asije, Beryl hakupenda wageni wa ghafla. Na jogoo naweza kupata kwa binamu yangu, ila tayari kafa.

Thelma kauma skafu yake.

Bi Rosamund kauliza, taratibu, kitabu hicho kaandika nani. Nikasema jina limechanika. Ila nyuma kuna picha yake, mzee mpole, kavaa kola nyeupe imegeuka nyuma mbele, kama ya mchungaji, nadhani anaishi peke yake kama mimi, hakuna wa kumwangalia.

Chubb kaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Siongezi chumvi. Kaanguka.

Wakaingia jikoni kushauriana. Nilikuwa nasikia vijiko tu. Nikawa namwomba Beryl anisaidie, kisha nikaona haifai, ni yeye ninayemtafutia nafasi.

Bi Rosamund karudi. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kasema, Bwana Vowles, wewe si wa kukaa kwenye duara. Wewe ni mchawi wa ua. Wote nyuma yake: kweli, kweli, haraka haraka.

Mchawi wa ua! Wameangalia kazi yangu, wakanipa cheo! Chubb hakupewa cheo chochote. Kaambiwa karibu, basi.

Nimetembea mpaka nyumbani bila kuhisi mgongo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimekiosha kiti cha Beryl kwa sabuni. Nimekipaka nta. Saa moja jioni nimekibeba begani nikapita barabara kuu. Watu wananitazama. Watazame.

Bi Rosamund kafungua. Kaona kiti. Kasema, jamani, Bwana Vowles, nilidhani umenielewa. Mchawi wa ua ni yule anayefanya mambo yake peke yake. Hana kikundi. Anajifunza mwenyewe, nyumbani kwake. Ni njia yenye heshima sana.

Nikasema lakini nimelaza ua wako wote. Kasema, na umelala vizuri mno. Kafunga mlango kwa adabu. Harufu ya maboga ya kuchoma ikabaki nje na mimi.

Nikasimama na kiti changu. Sikujua mguu upi uanze. Watoto waliojifunika mashuka kama mizimu, desturi ya usiku huu, wakapita, mmoja kanipa peremende. Kadhani nami nimevaa kitu, labda mtu anayehama.

Mlango ukafunguka tena. Thelma, koti halijaingia mkono wa pili. Kashika miguu ya kiti. Kasema, twende mpenzi, kizito hiki. Nikamwambia utakosa chakula. Kasema kawekwa kando ya Chubb, na Chubb kaambiwa anyamaze, sasa anapumua kwa kelele ili ajulikane yupo. Hawezi kusubiri maiti katika hali hiyo.

Njiani kaniambia siri. Mwaka wake wa kuingia alisoma kitabu kimoja. Hakukimaliza. Siku ya maswali alileta keki.

Nimekaanga ini na vitunguu. Sahani tatu. Kiti mahali pake pa zamani, karibu na dirisha. Sheria ni kimya, na nikashukuru, maana nilikuwa na la kumwambia Beryl na sikujua pa kuanzia. Katikati ya kula Thelma kasukuma chumvi upande wa kile kiti. Beryl alitia chumvi kabla ya kuonja, siku zote. Tuligombana kwa hilo miaka yote.

Hakuja mtu. Au alikuja. Mimi sina elimu hiyo. Lakini baadaye nimefuata sukari na sikukimbia.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeamka na wazo. Kubwa!

Mji huu umejaa wachawi wa ua. Kila mmoja kwake, mlango umefungwa, hana wa kumuuliza kitu. Hasara gani hiyo! Naanzisha chama. Chama cha Wachawi wa Peke Yao. Mkutano kila Jumatano, jikoni kwangu, wote pamoja. Bi Rosamund atajing'oa nywele.

Na hapa ndipo akili ilipo. Anayetaka kuingia alete vitabu vitatu alivyosoma, aeleze, kisha aviache. Kufika kiangazi nina rafu imejaa ukutani, na sijatoa senti!

Tangazo nimebandika dirishani. Mwanachama wa kwanza kaja kabla gundi haijakauka. Thelma, na mkate wa moto kwenye kitambaa. Kasema, niandike mimi, mpenzi, na weka maji ya chai.

Nikamuuliza kasoma vitabu vingapi.

Kasema, Mervyn, si nimekwambia jana.

Ndiyo. Kimoja. Na hakukimaliza.

Nimemwambia ajiandae vizuri, aje tena Jumatano. Sheria ni sheria, nikianza kulegeza leo, kesho ataingia Chubb.

Kakifunga tena kile kitambaa. Kisha kaondoka na mkate wake.