Gesi ya Nazari na Fuso la Mama Luciana

Nazari alikuwa anakunywa chai ya mkopo pale Kibaoni, Ifakara, aliposikia mwanamke analalamika kwa sauti ya kutosha kata nzima.

"Fuso langu linakunywa dizeli kama limelaaniwa! Kwenda Mlimba kuchukua mpunga na kurudi, tangi limekauka!"

Huyo alikuwa Mama Luciana, mfanyabiashara wa mchele, mwenye lori moja na mdomo wa malori matatu. Mtu mwingine angesikia shida. Nazari alisikia riziki. Chai akaiacha.

Kesho yake alifika kwa mama huyo na pikipiki, amevaa ovaroli safi mno kwa fundi, amebeba mtungi mdogo wa gesi alioupaka rangi ya bluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza gesi, mimi napikia mkaa."

"Hii haipikii wali, mama. Inapikia injini. Gesi inaingia pamoja na hewa, inasaidiana na dizeli kuungua. Lori linakula nusu, na linashiba."

Wataalamu wanasema jambo hilo linawezekana, nasi si watu wa kubishana na wataalamu. Lakini mtungi alioufunga Nazari kwenye lori ulikuwa mtupu, na mpira wake uliishia nyuma ya kiti, umezibwa kwa kitambaa. Dawa yenyewe ilikuwa kwa dereva, Gasper, ambaye kila akifika Mofu, njiani, hunyonya dizeli ya tajiri wake na kuwauzia wenye mashine za kukoboa. Nazari alikwisha kuzungumza naye pembeni: safari hii asinyonye hata tone, watagawana.

Lori likaenda Mlimba, likarudi na dizeli ya kutosha kwenda tena. Mama Luciana alipima tangi kwa kijiti, akapiga kigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

Nazari akataja bei yake kwa aibu ya kuigiza.

"Hapana, mwanangu, nitakuwa nimekupunja," alisema Mama Luciana. "Dizeli itakayookoka msimu mzima, nusu yako. Ila ikiliwa kama zamani, unalipa wewe. Pikipiki ikae stoo kwangu kama dhamana."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nazari alipiga hesabu ya msimu mzima, kichwa kikamzunguka kwa utamu. Ufunguo aliutoa mwenyewe, na akashukuru.

Gasper alipoelezwa, alicheka mpaka akaegemea usukani.

"Msimu mzima nisinyonye? Kaka, nilikusaidia safari moja. Hatukufunga ndoa."

"Tutagawana nusu yangu!"

"Nusu ya nusu? Na zamani nilikuwa nakula yote?"

Hesabu hiyo Nazari hakuwa ameipiga. Basi safari iliyofuata naye akapanda lori. Gasper akiegesha Mofu, Nazari anashuka kukaa ubavuni mwa tangi. Gasper akienda kula samaki, Nazari anakula harufu. Mvua ikamnyeshea, mbu wa mtoni wakamfaidi, na hata haja alijizuia. Walirudi Ifakara tangi likiwa limeshiba kuliko yeye.

Mama Luciana akapima, akatabasamu.

"Nusu yako ipo. Ila umepanda lori langu, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi tunaikata humo. Na mtungi wako umekalia nafasi ya gunia." Akafikiri kidogo. "Naona tumelingana."

Nazari alitaka kulia, na kidogo alilia kweli.

"Mama, nisamehe. Gesi hakuna. Mtungi ni mtupu! Ni Gasper ndiye anayenyonya dizeli yako!"

Mama Luciana hakushtuka hata kidogo.

"Najua. Lakini Gasper ni mdogo wake marehemu mume wangu. Nikimfukuza, ukoo mzima utahamia sebuleni kwangu. Na walinzi wote niliowatafuta walitaka mshahara."

Akamfungulia mlango wa lori.

"Panda, baba. Gesi yako inafanya kazi vizuri sana."

Gasper alikuwa ameshawasha injini.