Maziwa ya Mkuyu

Jumatatu, 24 Juni 1974
Leo nimeamua kuingia katika historia. Mkuu wa shule ametangaza nafasi moja tu ya kwenda Mbeya kwenye maonyesho ya shule. Itakuwa yangu mimi, Liberatus, mtunza maabara, au ya Mwalimu Muhidini wa kilimo na lundo lake la mboji. Miaka sita naosha vyupa vya wenzangu! Safari hii wataniona. Nitapima protini katika mkuyu: majani, gome, mizizi na maziwa yake, ule utomvu mweupe. Kwamba mkuyu ni dawa, kila mtu anajua. Protini imekaa sehemu gani, hajui mtu.

Majani, gome na mizizi nimekata mwenyewe, nyuma ya nyumba yangu hapa Kihesa, Iringa. Maziwa yamenishinda. Nimechanja mti asubuhi nzima, nikapata tone moja na sisimizi wengi. Basi nimemwandikia Mama Ng'washi, mganga wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Nimeomba chupa moja ya maziwa ya mkuyu. Barua ya mstari mmoja. Msomi hasemi sana. Nimempa dereva wa basi la Mbeya.

Alhamisi, 27 Juni
Chupa imefika! Imejaa mpaka shingoni. Mama yule anajua kukamua mti. Juu pana utando wa mafuta. Nimeandika daftarini: mkuyu una mafuta. Hilo peke yake lingetosha kunipandisha cheo.

Ijumaa, 28 Juni
Kipimo. Unatia soda kali, kisha matone ya mrututu, ile dawa ya buluu. Ikigeuka zambarau, protini ipo. Gome: kahawia tu. Mizizi: hakuna. Majani: kidogo, ukitazama kwa imani. Maziwa: zambarau tupu! Nimeruka, nikavunja vyupa viwili vya shule. Nimelinganisha na ute wa yai, karibu sawa. Mti unamkaribia kuku!

Muhidini alipita, akanusa chupa, akauliza kama naweza kumgawia kidogo kwa ajili ya chai. Wivu huo.

Jumapili, 30 Juni
Maabara inanuka uchachu. Nimemweleza Mkuu kuwa ni mboji ya Muhidini. Imehamishiwa nyuma ya jiko. Maziwa nayo yameganda mabonge mabonge. Mti unaoganda! Nimeongeza ukurasa mzima.

Jumatatu, 1 Julai
Mkuu amenichagua mimi. Muhidini atakuja kubeba meza.

Jumamosi, 6 Julai, Mbeya
Saa nne mgeni rasmi alifika mezani kwangu. Nilieleza kwa sauti, watu wakajaa. Nikamwona Mama Ng'washi katikati yao, amekuja mjini kuuza samli. Nikamvuta mbele kwa fahari, nikatangaza kuwa huyu ndiye aliyekamua mkuyu. Akanitazama kwa huruma.

“Baba, mkuyu nani anakamua? Mimi nimekamua ng'ombe. Gome la mkuyu tunachemsha kwenye maziwa, mtoto wa kikohozi anakunywa. Ndiyo maziwa ya mkuyu hayo. Si uliomba mwenyewe?”

Mgeni rasmi alicheka mpaka akashika meza. Muhidini aligeuka pembeni kwa adabu, mabega yanatetemeka. Kisha akaulizwa yeye anafanya nini, akaeleza mboji yake bila karatasi, hapo hapo mezani kwangu, mpaka wakampigia makofi. Nimeumia. Miaka sita, na yote imekwisha kwa dakika moja.

Jumatatu, 8 Julai, Iringa
Mkuu amechukua ufunguo wa maabara, amempa Muhidini. Sawa. Nimefikiri vizuri ndani ya basi. Kosa si langu wala la Mama Ng'washi. Kosa ni la neno. Maziwa ni neno lenye maana mbili, na mwanasayansi hapaswi kuliamini. Nimekua sana kwa siku mbili hizi, nasema bila kujisifu.

Sasa nahamia kwenye tunda, sehemu isiyo na utata. Matunda ya mkuyu wangu yamemalizwa na ndege, hayakubaki hata maganda, na mimi nahitaji ile nyama ya ndani tu. Nimemwandikia tena Mama Ng'washi, mstari mmoja, nikampa dereva yule yule. Nimeomba kilo moja ya nyama ya mkuyu.