Mrija Wangu wa Kioo na Ufunguo wa Ghala

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mteja karudisha chupa, eti mvinyo wetu unanuka zizi. Mjomba, mwenye mapipa, katuita ghalani. Kuna pipa limeingiliwa na chachu mbaya, moja au zaidi kati ya yote tisa. Atakayelijua, Jumamosi anakabidhiwa ufunguo wa ghala. Ufunguo! Miaka kumi na tisa nauota ukining'inia kiunoni mwangu.

Wagombea wawili. Mimi, ambaye wote huniita Pua, na si bure. Na shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyerudi masomoni na kimashine cha kusoma vinasaba. Kanipa shikamoo kwa heshima zote. Ndivyo maadui wanavyoanza.

Kaeleza kinavyofanya kazi. Unatia tone la mvinyo, kinalipasha moto, kinalipoza, kinalipasha tena, na kila mara vinasaba vya ile chachu vinazidi, mpaka hata vichache kabisa vinaonekana. Mimi chai yangu naipasha mara tatu kwa siku. Hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu.

Jumanne, 4 Machi
Mzunguko wangu wa asubuhi, pipa la kwanza hadi la tisa, mrija wangu wa kioo mkononi. Chovya, vuta, onja, twende lingine. Kusuuza katikati? Thubutu! Mrija uliosuuzwa umesahau. Nyumbani mke wangu huuchemsha kila jioni pamoja na vijiko. Nimekataza hadi nimechoka.

Saa nne ghalani, raha iliyoje. Mwanga huingia kwa kidirisha na kutambaa polepole juu ya mapipa. Ukinyamaza unasikia mvinyo unapumua. Nikaegemea pipa la nne, macho yakawa mazito. Nikaota viumbe vidogo vyeupe, vimebeba mabunda, vimepanga foleni kwenye pipa hilohilo. Kikaja chombo kirefu cha kioo. Vikapanda. Vingine vikashuka la tano, vingine la sita, hivyo hivyo hadi la tisa, vikimshukuru dereva kwa adabu. Uso wake sikuuona. Shati lake kama langu.

Ndoto tamu. Sijui maana yake.

Pua imeshatoa hukumu: mapipa yote mazima. Hiyo harufu ni ukomavu tu.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kachota sampuli, kila pipa na kijimrija chake kipya cha plastiki. Ufujaji! Kisha kaniomba nimpandishie vichupa juu. Maskini, ananiamini.

Ngazini nikapata wazo. Nikamwaga kichupa cha pipa la tisa. Nikachota maji safi ya kunywa kwa mrija wangu, nikakijaza. Nikayatia matone ya rangi ya mvinyo, mtu asishtuke. Mashine ikisema lolote juu ya maji, imekwisha!

Ijumaa, 7 Machi
Majibu. La kwanza, la pili na la tatu ni safi. La nne linaumwa sana. La tano pungufu kidogo, la sita pungufu zaidi, hivyo hadi la nane. Na la tisa lina chachu kiasi.

Nikaruka juu. Nikatangaza kuwa hicho kichupa ni maji, nilitia mwenyewe, na mashine ni mwongo! Mjomba akacheka hadi akafuta machozi. Mke wangu akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilidhani ananisifu.

Shemeji akauliza taratibu nilichota maji kwa kitu gani. Kwa mrija wangu, nikajibu kwa fahari. Akauliza mrija ulikuwa umetoka wapi. Nikamwambia: pipa la kwanza hadi la tisa, bila kusuuza, kama kila siku.

Akapitisha pamba ndani ya mrija, akaitia mashineni. Tukangoja saa mbili. Chai ilinywewa, hakuna aliyenimiminia.

Mrija ulikuwa na chachu kuliko maji yale mara kumi.

Jumamosi, 8 Machi
Ufunguo kapewa shemeji. Mjomba kasema la nne liliugua lenyewe, ila hayo mengine matano niliyaambukiza mimi, na lau mke wangu asingechemsha mrija, hata yale matatu ya kwanza yangekwenda. Nililia nyuma ya mapipa matupu. Nililia kweli.

Shemeji akaja, akakaa kando yangu. Akasema sita yatachujwa Jumatatu, huenda yakapona. Yale matatu safi yanachukuliwa na wateja Jumatano, na ndiyo yatakayotulisha mwaka mzima. Akaniomba nisiyaguse tu. Kisha, nisikae nikihuzunika, akaniazima ufunguo nikafagie kesho.

Roho nzuri. Ndiyo kasoro yake.

Jumapili, 9 Machi
Nimefagia. Mwanga umeingia, ufunguo uko kiunoni, mzito, mtamu. Nimewaza sana kilichoniponza ni nini. Nimekipata! Ni mpangilio. Kila siku la kwanza hadi la tisa, mashine ikakariri njia yangu.

Mrija niliukuta jikoni kati ya vijiko. Mzunguko mmoja tu, wa kuaga. Lakini mimi si mjinga. Leo nimeanza na la tisa, nikarudi nyuma hadi la kwanza. Yale matatu ya mwisho nimeyachovya mara mbili mbili, kwa mapenzi. Mashine inijue sasa!

Kisha nikasinzia. Wale wadogo weupe wamerudi, wengi zaidi, na mabunda yao. Safari hii dereva aligeuka. Mtu mzuri. Ana pua kubwa.