Shujaa Asiyeamkiwa

"Mwambie akae chini."

"Na wewe mwambie nimesimama miaka thelathini na tisa, dakika tano haziniui."

Katikati yao, kwenye uwanja wa kijiji, nilikuwa mimi, Afisa Mawasiliano ya Mdomo wa Kamati ya Mashujaa Waliosahaulika wa Njia ya Misafara. Mheshimiwa Wilbroad, mwenyekiti kutoka Tabora mjini, ananiambia mimi, mimi namwambia Bibi Ngollo. Bibi yuko mita mbili na masikio yake mazima. Ila kijiji kilimtenga, na ukimwongelesha aliyetengwa, na wewe umetengwa. Mimi nilisamehewa sheria hiyo kwa barua.

Mwaka ule aliotengwa, bibi aliona bwawa la juu limepasuka ufa. Asubuhi nzima akazunguka kuwaambia watu wahame. Wakamwambia ana homa. Basi akapiga yowe: ng'ombe wameibwa, wezi wamekimbilia mlimani. Huku kwetu nyumba ikiungua mtu anaweza kumalizia ugali kwanza. Ng'ombe wakiibwa, hata mgonjwa anatoka na upinde. Kijiji chote kikapanda mlima, bwawa likakatika nyuma yao, maji yakabeba kila kitu kasoro watu.

Huko juu wakakuta ng'ombe wanakula majani, mwizi hayupo. Wakamtenga kwa yowe la uongo.

Tangu hapo hakuna anayemwamkia. Aliowaokoa wanampita kisimani kama wanapita kichaka. Na bibi hakutaka sanamu. Alitaka aamkiwe kabla hajafa, basi.

Kamati ilitafakari ombi lake kwa kina, chai na maandazi vikiwemo. Ikaona ushujaa unawezekana, kuamkiwa hakuwezekani. Kumrudisha mtu lazima jalada lake lifunguliwe, na jalada lilibebwa na mafuriko. Nikauliza, kesi iliyoanza baada ya mafuriko jalada lake limebebwaje na mafuriko. Nikaambiwa nibaki kwenye cheo changu. Bibi atapewa cheti, akipokea awe ametazama kule.

Nikamfikishia. Akasema, "Mwambie hicho cheti akafunikie sufuria."

Nikaanza kutafsiri kiofisi, kwamba mlengwa ameshukuru na anapendekeza matumizi mbadala. Mheshimiwa hakusubiri.

"Wewe bibi, una adabu kweli?"

Amemwongelesha mwenyewe, bila kupitia kwangu. Mzee Mahona, anayejua sheria za kijiji kuliko majina ya wajukuu wake, akabeba kiti chake akakisogeza mbali na meza kuu. Wengine wakafuata. Mheshimiwa akamwita dereva, dereva akakagua tairi. Akamwita Tekla, katibu wake. Tekla akaandika kwenye muhtasari kwamba kulikuwa na upepo. Akanigeukia mimi. Nikamwonyesha barua yangu: inamhusu bibi tu.

Bibi Ngollo akacheka mpaka akashika kiuno. "Njoo tuongee sisi, baba. Mwaka wa kwanza ndio mgumu."

Mheshimiwa akafikiri kama sekunde nne. Kumbe jalada halihitajiki. Akachomoa mhuri mfukoni, akageuza kile cheti, akaandika nyuma kwamba waliotengwa wote, wa zamani na wa leo, wamerudishwa kijijini. Nikakisoma kwenye spika.

Foleni ya shikamoo ilifika mpaka zizini. Watu wazima wenye mvi za kwanza, waliopanda ule mlima wakiwa wamebebwa mgongoni, wanasukumana kama wanagombea sukari ya bei ya chini. Marahaba, marahaba, sauti inamkauka bibi, analia huku anacheka.

Wa mwisho Mheshimiwa. Akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akamtazama kama mtu anayepima wingu. Akakaza kanga yake, akageuka, akaenda zake.