Tuta Namba Nane na Sare za Maganda

Uvumi ulimkuta bombani, ndoo yake ikiwa nusu, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Aliyeuleta ni muuza mkaa, kwa sauti ile ya mtu anayetoa siri huku akitaka foleni nzima isikie.

"Mama Wasiwasi, hujasikia ya shuleni? Mtoto wa darasa la saba akipungukiwa mche mmoja tu kwenye tuta lake, mtihani wa mwisho hafanyi."

"Mche gani?"

"Wowote. Hata mchicha."

"Acha utani, dada."

"Mimi nina sura ya utani?"

Hakuwa na sura ya utani. Alikuwa na sura ya mkaa. Mama Wasiwasi alibeba ndoo yake nusu hivyo hivyo akaenda zake, akaacha zamu yake kwa mtu wa nyuma, jambo ambalo bombani halijawahi kuonekana.

Jina hilo la Mama Wasiwasi walimpa majirani. Yeye ni fundi cherehani, mwanamke anayefunga mlango, akafika njia panda, akarudi kuangalia kama kweli ameufunga. Elimu yake iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtihani wa darasa la saba anaujua sura yake. Yeye ulimtupa nje. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaukabili mwaka huu, tena akiwa anaongoza darasa. Mama alikuwa tayari kulala njaa kwa ajili ya mtihani ule. Hakuwa tayari kwa mchicha.

Kwa bahati mbaya uvumi ule ulikuwa na kasoro moja: ulikuwa kweli. Waraka ulibandikwa kwenye ubao wa shule, umepigwa mihuri mitatu, mmoja juu ya mwingine, ili usisomeke kirahisi na watu wasiohusika. Ulitangaza kwa furaha kubwa kwamba shule imeingia katika Mpango Mkakati wa Bustani Endelevu na Shirikishi, ambao utamfundisha kila mwanafunzi kulima mboga kwa viwango vya juu. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, paliandikwa: *Mche uliosajiliwa ukitoweka, aliyehusika na kutoweka kwake hatafanya mtihani wowote mpaka mche huo urudi ardhini ukiwa hai.*

Mpango ulikuja na msimamizi wake, Mratibu wa Bustani, kutoka ofisi za juu, amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Alikuwa mtaalamu. Hakuna aliyewahi kumwona akiinama, na hilo pekee lilionyesha kiwango chake cha elimu. Wiki ya kwanza aliwafundisha watoto maana ya jembe. Wiki ya pili, aina za majembe. Wiki ya tatu walilichora. Majembe yenyewe yalifungiwa stoo yasije yakachakaa kabla ya ujio wa mgeni rasmi.

Kumwagilia nako kulikuwa na utaratibu. Mtoto alijaza fomu ya maombi ya maji, nakala tatu: moja ya mwanafunzi, moja ya ofisi, moja ya mche. Nakala ya mche ilichomekwa kwenye kijiti mbele yake, ili nao ujue maombi yake yamefikia wapi.

Mchicha uliota. Aliposikia habari za kuuchuma, Mratibu alishtuka. Kuchuma? Mche uliosajiliwa? Basi mchicha ukaachwa ukakua, ukarefuka, ukatoa maua, ukazeeka ukiwa kazini kama mtumishi mwadilifu.

Lakini kabla ya kuzeeka huko kulikuwa na siku ya usajili, na hapo ndipo mambo ya tuta namba nane yalipoanza. Mratibu alipita kila tuta na daftari. Kila kilichokuwa kijani na kimesimama kilipewa namba. Mchicha ukapewa namba, kabichi zikapewa namba, na magugu nayo, ambayo hayakutegemea heshima hiyo, yakapewa namba. Tuta namba nane lilikuwa la binti wa Mama Wasiwasi. Lilipofikiwa, Mratibu aliona mmea mmoja unaopanda kwenye uzio kwa kasi ya kupendeza.

"Hii ni aina bora sana ya maharage," alisema, akaandika. "Namba mia moja na kumi na mbili."

"Shikamoo, mwalimu," binti alisema. "Huo ni upupu."

"Marahaba. Umesomea?"

"Hapana, mwalimu. Ila unawasha."

"Mimi nimesomea," Mratibu alisema, na somo likaishia hapo. Akamkabidhi binti daftari la tuta namba nane, aandike humo kila kitakachoutokea mche wowote, tarehe na sababu.

Jioni moja, miezi kadhaa baadaye, binti alifika nyumbani, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani.

"Mama, ule upupu umetoa maganda. Yakikauka yale manyoya yatapeperuka. Watoto wa darasa la kwanza wanacheza pale pale kwenye uzio. Kesho naung'oa."

Mama alijichoma sindano.

"Hung'oi kitu! Unataka kukaa na mimi hapa ukitia vifungo maisha yako yote?"

"Sasa wale watoto wawashwe?"

"Nani amesema wawashwe? Ngoja. Nitakwenda mwenyewe."

Usiku huo alipanga maneno ya kusema. Asubuhi alipofika mbele ya meza ya Mratibu yalikuwa yamekwisha kabisa. Ofisi ilikuwa na maua ya plastiki kwenye kila pembe, yote mazima.

"Naomba ruhusa mmea mmoja ung'olewe," alisema. "Ni upupu, bwana Mratibu. Mimi nimekulia shambani, naujua. Uliwahi kuniwasha mpaka nikalia."

"Mama, mmea uliosajiliwa haung'olewi. Unahamishwa."

"Haya, uhamishwe."

"Kwenda wapi?"

"Popote. Jalalani."

"Jalala si shule, mama. Leta barua ya shule nyingine inayosema ina nafasi ya kuupokea."

Mama Wasiwasi, akina mama watacheka lakini ndivyo ilivyokuwa, alikwenda. Alitembea hadi shule ya jirani. Mwalimu wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza taratibu kama amekunywa chai. Alipoeleza tena, mwalimu akasema wangependa kusaidia lakini upupu wa kwao wenyewe umejaa, na mmoja umechaguliwa kiranja.

Akarudi nyumbani, akakaa mbele ya cherehani mikono mitupu. Binti hawezi kuung'oa, shule haiuhamishi, maganda yanakauka, watoto wanacheza. Akaangalia kapu la vipande vya nguo vilivyobaki kwenye mishono. Akaangalia tena.

"Umesema maganda mangapi?"

"Vishada kumi na tisa," binti alisema. Alikuwa ameyahesabu.

Siku mbili mama alishona vifuko kumi na tisa vyenye kamba mdomoni. Vingine vya maua, vingine vya mistari, kimoja cha kitambaa cha suruali ya kazini ya mtu fulani aliyekataa kuja kuichukua. Asubuhi ya Jumamosi, mikono yao imefungwa mifuko ya nailoni hadi kwenye viwiko, mama na binti walivalisha vishada vyote, wakafunga kamba. Hakuna mche ulioguswa mizizi. Hakuna mtoto aliyewashwa. Mama alilala siku hiyo kuanzia saa moja, na hakuamka kuangalia mlango.

Jumatatu Mratibu alisimama mbele ya tuta namba nane muda mrefu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema mama, aliyekuwa amemsindikiza binti kwa hofu ya swali hilo hilo.

"Mimea yenye sare!" Mratibu alisema polepole. "Mama, hii ni nidhamu. Wizara nzima haina." Akaitoa kalamu mfukoni. "Tuliibuni lini?"

"Sisi?"

"Sisi ofisi."

Hivyo tuta namba nane likawa tuta la mfano, na Mkurugenzi mwenyewe, mkubwa wa bustani zote za shule, akakubali kuja kulizindua. Turubai likawekwa. Viti vya kamati ya bustani vikafunikwa vitambaa vyeupe. Mwalimu Mkuu, mtu mpole ambaye tangu mpango uanze amekuwa akiomba ruhusa ya kuingia ofisini kwake, alipewa kazi ya kushika maikrofoni.

Mama Wasiwasi aliisoma ratiba kwa kidole. Kipengele cha nne: *Mgeni rasmi kuvua maganda sare na kuyashika kwa picha.*

Alipenya katikati ya wazazi hadi mbele.

"Mheshimiwa, usiguse! Tafadhali! Ni upupu huo!"

"Mzazi, itifaki!" Mratibu alimfokea bila kufungua midomo, kwa sababu alikuwa akitabasamu.

"Bwana Mratibu, nakuomba, nina mtoto hapa."

"Mama, kila mtu hapa ana mtoto. Kaa."

Mkurugenzi alicheka kistaarabu. "Wananchi wetu huogopa utaalamu," alieleza maikrofoni. Akafungua kamba ya kifuko cha maua. Manyoya yote ya ganda, yaliyokuwa yamejikusanya humo kwa wiki tatu bila pa kwenda, yakamwagika kiganjani kama unga. Akayanyanyua juu ili mpiga picha apate vizuri. Upepo nao ukataka kupata vizuri. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, akajifuta paji la uso, akajifuta shingo, na kwa ukarimu akagawa manyoya hayo kwa meza kuu yote, mmoja mmoja, kwa kupeana mikono.

Kwa muda wa kama kusoma ukurasa mmoja hakuna kilichotokea. Mkurugenzi alianza hotuba.

"Ndugu wazazi, kilimo cha kisasa kinahitaji..." Akasimama. "Kinahitaji..." Akajikuna sikio. "Kinahitaji mtu ajitume kwa... kwa mwili wote."

Meza kuu ilikuwa imekaa wima, macho yametoka. Itifaki hairuhusu mdogo kujikuna kabla ya mkubwa kujikuna rasmi, na sikio peke yake lingeweza kuwa bahati mbaya. Mratibu alikuwa analia kimya kimya, mikono magotini. Mkurugenzi alipoiacha maikrofoni akajipeleka mgongo kwenye nguzo ya turubai, ikachukuliwa kuwa ruhusa.

Watoto wakapiga makofi. Walidhani ni kipengele cha tano.

"Maji!" alipaza Mkurugenzi. "Leteni maji!"

Mtoto wa zamu ya maji alifika mbio, mtiifu, na fomu nakala tatu. Mratibu aliipokea, akajaribu kusaini, kalamu ikatumika kwapani.

"Tope, waheshimiwa!" Mama Wasiwasi alipiga kelele. Hofu ilikuwa imemwishia, hakujua imekwenda wapi. "Jipakeni tope! Hapo kwenye tuta pamelowa!"

Mkurugenzi hakuuliza kama amesomea. Aliingia tuta namba nane kwa tumbo. Mratibu akafuata na viatu vyake, kamati ikafuata kwa kufuatana na vyeo. Walijiviringisha, wakajisugua, wakang'oa mchicha mzee, kabichi na kila chenye namba wakijipaka udongo wake shingoni. Walipotulia hapakuwa na tuta. Palikuwa na viongozi.

Binti alikuwa amesimama pembeni na daftari lake, anaandika.

Kesho yake alasiri Mratibu alibisha hodi nyumbani kwa fundi cherehani. Uso umevimba, vidole vimekuwa kama ndizi. Hakuketi, hakuweza.

"Shikamoo," binti alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu." Hakuwahi kumwita mwanangu. "Nimekuja kwa ajili ya lile daftari. Umeandika nini?"

Binti alilifungua, akasoma kwa sauti ya darasani. "Miche arobaini na moja imetoweka. Aliyehusika: Mkurugenzi, akisaidiwa na Mratibu na kamati. Sababu: kujikuna."

"Badilisha kidogo tu. Andika upepo."

"Upepo hauna namba ya utumishi, mwalimu."

Mratibu alimgeukia mama. "Mama, zungumza na mtoto. Mwezi ujao mimi na Mkurugenzi tuna mtihani wa kupandishwa vyeo. Waraka unasema mtihani *wowote*. Tulisaini wenyewe. Na miche haifufuki."

Mama Wasiwasi aliendelea kushona pindo. Mguu haukukosea kanyagio.

"Kwa hiyo na mwanangu hafanyi?" aliuliza. "Tuta ni lake."

"Mtoto siye aliyehusika..."

"Hilo liandikwe."

"Mama, njia ya kutuokoa sote ni moja tu. Waraka wote ufutwe."

"Basi ufute."

Akaufuta pale pale, amesimama, kwenye karatasi ya mchoro wa sketi, kwa vidole vilivyovimba, maneno yamepinda kama ya mtoto wa chekechea: waraka wa bustani umefutwa, wanafunzi wote wafanye mtihani, majembe yatolewe stoo. Binti alimsahihisha herufi mbili. Mama akamwongezea mstari wa tarehe, kisha akamtaka asaini nakala tatu.

Binti alifanya mtihani wake. Kuhusu wale wakubwa na mtihani wao wa vyeo, kila mzazi anaweza kumwuliza muuza mkaa. Kilichobaki ni kuwaonya wenye watoto shuleni:

Usimruhusu mtoto kugusa ganda lenye manyoya, hata kama limesajiliwa.

Usijikune ukiwashwa. Jipake tope au majivu, ndipo uoge.

Usifue nguo za upupu pamoja na nguo za mtoto.

Usimwache mtu asiyeinama akamfundisha mwanao kulima.

Usiache mchicha uzeeke. Chuma ukiwa mchanga.

Usisaini waraka wenye neno "wowote" kabla hujajiangalia kwenye kioo.

Na ukisikia mama anapiga kelele "usiguse", usiguse.