Baiskeli ya Mahindi Sebuleni kwa Mama

Jumatatu, 5 Juni 1972

Mume wangu ana akili! Leo Walubengo amemaliza mashine yake. Baiskeli kuukuu isiyo na magurudumu, pipa la bati lenye misumari ndani, na mtu akikanyaga pedeli, mahindi yanapukuchuka yenyewe. Chumba chetu hapa Obunga kimejaa punje. Nimezikuta hata kitandani. Nikalala juu yake kwa furaha. Mwezi mmoja wa ndoa, na bado nikimwona akifunga vifungo vya shati nasahau ninachopika.

Jambo moja tu linaniliza. Kiwanda cha sukari kimemwita kazini. Atakaa huko kambini, aje nyumbani mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Niliolewa nikumbatie mto? Anasema asipopata mahali pa kufanyia ufundi wake kabla ya Julai, itabidi aende.

Hatakwenda. Nimeapa.

Jirani yangu Adero, muuza samaki, anasema mume wa mbali ndiye mume mtamu. Maskini, hajui mapenzi.

Alhamisi, 8 Juni

Redio ya Adero imetuokoa! Serikali inatoa msaada: banda la kazi hapa Kisumu na vifaa vyake, bure, kwa mwenye ufundi mpya atakayehamia kutoka mkoa mwingine. Nimeruka mpaka uji ukamwagika.

Walubengo akaniambia polepole kwamba sisi tayari tunakaa Kisumu. Kweli. Lakini wao watajuaje? Kwetu ni Bungoma, mkoa mwingine kabisa! Tutaomba kutoka huko, tupeleke mashine, ofisa aione, kisha tuhamie hapa tunapokaa. Akasema huo ni uongo. Nikamwambia ni kuzunguka tu. Akacheka. Meno yale!

Akauliza mashine itakaa kwa nani. Kwa Mama yangu, bila shaka. Tangu Baba afariki anaishi peke yake, na sebule yake ina sakafu ya saruji. Ofisa atapenda saruji. Walubengo akafungua mdomo kusema kitu. Nikamlisha kipande cha samaki, ngege.

Jumanne, 20 Juni

Ofisa anakuja kesho! Tumesafiri na mashine juu ya basi. Utingo aliuliza kama tumebeba baiskeli au kitanda cha hospitali. Nililala begani kwa Walubengo mpaka Kakamega.

Hapo ndipo akaniambia kile alichotaka kusema siku ile. Kwetu mkwe haingii nyumba ya mama mkwe. Hawatazamani hata usoni. Mwiko mkubwa! Nitakumbukaje mambo ya mwiko wakati moyo umejaa?

Lakini nimeshapanga. Mashine itawekwa nje, karibu na ghala. Mama atakwenda sokoni mapema. Walubengo atakanyaga, ofisa atafurahi, mwisho. Usiku huu mume wangu analala kwa binamu yake. Usiku mmoja tu, na tayari nasikia baridi.

Jumatano, 21 Juni

Nani alinituma nimwambie Mama kwamba mtu wa serikali anakuja?

Sokoni? Mama alisema hata akivutwa na ng'ombe haendi. Alivaa gauni la Pasaka, akachinja jogoo. Kisha mvua! Vijana wa jirani wakaingiza mashine sebuleni. Mama akakaa kando yake kama bibi arusi. Walubengo wangu akakimbilia migombani, akatugeuzia mgongo.

Ofisa, Bwana Idd, mtu mpole mwenye kofia, akaomba kumwona fundi. Nikasema yuko migombani. Akauliza kama anaumwa. Nikasema ana adabu. Basi kila swali likawa mbio zangu. Meno ya pipa ni mangapi? Nakimbia migombani, narudi. Pedeli zikikatika? Nakimbia tena. Matope mpaka magotini. Bwana Idd akasema hajawahi kuona kiwanda chenye posta yake.

Mwishowe akasema bila kuona mashine ikifanya kazi anarudi zake. Nikapanda mimi. Gauni likanasa kwenye mnyororo.

Mama akasema, “Nelima, shuka, unatuaibisha.” Akakunja gauni la Pasaka, akapanda, akakanyaga. Punje ziliruka mpaka kwenye picha ya Baba! Akaimba hata wimbo wa kanisani. Bwana Idd alipiga makofi. Akamuuliza amekaa hapa tangu lini. Tangu aolewe. Yuko tayari kuhamia Kisumu? Mama akasema tangu msichana anatamani kuliona ziwa.

Jogoo akaliwa. Walubengo nilimpelekea shingo migombani, maana mapaja yote aliyala Bwana Idd. Ushindi, naona!

Ijumaa, 7 Julai

Banda limetolewa! Kwa Mama.

Ameshuka kwenye basi leo na kuku wawili na godoro. Banda lina mashine lakini halina kitanda, kwa hiyo amekuja kwangu. Walubengo alikuwa anakunywa chai. Alisikia sauti yake mlangoni akatoka kwa dirisha, kikombe mkononi. Adero alicheka mpaka akaketi chini. “Yawa, Nelima, mwizi gani huyu anaiba chai yake mwenyewe?”

Mama naye akakataa kuingia. Mwiko mama kulala nyumba ya mkwe. Nikapumua. Kisha akasema mkwe akiwa kazini mbali, hiyo si nyumba ya mkwe tena, ni nyumba ya binti yake.

Walubengo, akiwa nyuma ya ukuta, akasema kiwanda bado kinamngoja.

Jumapili, 9 Julai

Ameondoka. Alinishika mkono nyuma ya banda la Adero, ili Mama asimwone. Nimelia kanisani, nimelia jikoni. Mama anakoroma kwa sauti ya pedeli.

Lakini sasa nimeacha kulia, maana nimepata wazo! Walubengo anakaa kambini, mkoa mwingine, kweli kabisa. Safari hii hakuna uongo! Atatengeneza mashine ya pili, aombe banda lake mwenyewe. Bwana Idd ataenda kuiona kwa baba mkwe wangu. Walubengo atakuwa kazini, kwa hiyo nitamwonyesha mimi, pale pale sebuleni kwa mzee. Ndiyo, mkaza mwana haruhusiwi kukaa mbele ya baba mkwe. Lakini mzee nitamwomba tu aende sokoni.