Bi Lavonne Akamatwe kwa Kustaafu

Orrin Skaar,
Barabara ya Kiwanda cha Jibini,
Kaunti ya Tamarack, Wisconsin.
11 Februari

Mheshimiwa Sherifu Haugland,

YAH: BI LAVONNE BREKKE ARUDISHWE REDIONI, KWA HIARI AU KWA PINGU

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja ambalo nitalieleza hapo chini, maana nalo limo katika kesi hii.

Wewe hunijui, lakini mimi nakujua vizuri. Kwa miaka kumi na tisa nimesikiliza mawasiliano ya askari wako, ya zimamoto na ya magari ya wagonjwa kwa redio yangu ya kunasia mawimbi, ambayo antena yake iko juu ya ghala la mahindi. Sheria inaruhusu. Nasikiliza tu, sijibu, ingawa Naibu wako Torgeson akipotea njia huwa namfokea peke yangu jikoni. Sasa nina malalamiko, na nayaorodhesha kwa heshima.

1. Tangu Bi Lavonne astaafu mwezi Desemba, anayepokea simu za dharura na kuwatuma askari ni Bwana Kessler, mgeni kutoka mjini. Sina ugomvi naye. Ila mtu huyu anatangaza ghala linaloungua kama anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

2. Ng'ombe. Zamani ng'ombe wa mzee Dyrland wakitoka, Bi Lavonne alikuwa akisema, "Torgeson, wale wa Dyrland wako barabarani tena. Mwambie yule mzee uzio si mapambo!" Torgeson anajibu, "Nimekupata, mama. Wangapi leo?" Naye, "Wale wale kumi na wawili, na yule mwenye kiburi mbele." Kaunti nzima ikajua ipite njia gani. Wiki iliyopita Bwana Kessler alitangaza "mifugo isiyofahamika" na kusoma tarakimu za ramani ya setilaiti. Mheshimiwa, mifugo ile inafahamika hata na mchungaji wa kanisa.

3. Kila saa kumi na mbili jioni hupigwa mlio wa kujaribu vifaa vya zimamoto. Bi Lavonne alizoea kumalizia kwa kusema, "Haya, kuleni vizuri, na mabomba yenu ya maji msiyasahau yakaganda, kesho baridi kali." Hapo ndipo nilipokuwa naketi kula. Bwana Kessler anasema, "Jaribio limekwisha." Basi. Viazi vinanikwama kooni.

4. Hili naliandika mara moja, sitalirudia. Miaka tisa iliyopita mke wangu Arlys alianguka penye sinki, nikapiga simu ya dharura. Aliyepokea ni Bi Lavonne. Alikaa nami kwenye simu dakika ishirini na mbili mpaka gari la wagonjwa likafika, akinihesabia namna ya kumkandamiza kifua. Arlys hakupona. Lakini dakika zile sikuwa peke yangu, na tangu siku hiyo sauti ya mtu ndani ya nyumba hii imekuwa ni hiyo tu. Nimeikosa sana, Mheshimiwa. Sina namna nyingine ya kulisema.

5. Sasa jino. Najua desturi ya ofisi yako: mtu akistaafu, Sherifu mwenyewe humuaga redioni na wasikilizaji wote husikia. Wewe ulimuaga Bi Lavonne tarehe 20 Desemba, saa nane mchana, bila kumtaarifu yeyote, wakati mimi niko kwa daktari wa meno, mdomo wazi, pamba shavuni, sina uwezo hata wa kupinga.

Kutokana na hayo nimefikia uamuzi huu. Kumuaga mtu redioni maana yake ni wasikilizaji wasikie. Msikilizaji mmoja hakusikia. Kwa hiyo kuaga hakukukamilika, kustaafu ni batili, na Bi Lavonne bado ni mtumishi wa kaunti ambaye ametoroka kazini kwa siku hamsini na tatu. Naomba itolewe hati ya kumkamata, kwa adabu, na asipewe dhamana mpaka akubali zamu ya jioni. Torgeson asitumwe. Atapotea.

Nisalimie watu wote wa ofisi. Mpe pole Torgeson kwa mgongo wake, mpishi wa jela mpongeze kwa kupata mjukuu, na hata Bwana Kessler msalimie, kwa mbali kidogo.

Ni mimi, sikio lako la mashambani,
Orrin Skaar

N.B. 15 Februari. Barua hii imekaa mezani siku nne kwa kukosa stempu. Katikati nilimpigia Bi Lavonne ili nipate anwani yake ya kuandika kwenye hati. Kabla sijataja jina akasema, "Orrin Skaar! Kuna moto?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi unataka nini, baba?"

Nikamsomea barua yote. Alicheka mpaka akakohoa. Kwenye kifungu cha nne aliacha kucheka, nami nikasoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ng'ombe wa Dyrland ni kumi na wanne, usimdanganye Sherifu. Bandika kahawa. Nakuja kujisalimisha."

Amekuja jana, juzi na leo. Kwa hiyo Mheshimiwa, tafadhali usimkamate, wala usimrudishe kazini hata akikuomba mwenyewe. Bwana Kessler ana sauti nzuri tu, mwongezee zamu. Barua naituma hivi hivi kwa kuwa stempu nimeshaibandika.

Kuhusu malalamiko mengine sina habari. Huyu mama anaongea mno, redio haisikiki. Nimeizima.